Tumemlipa wakala wa Dar atuletee jirani yetu

Juzi dada kanitumia risiti ya wakala wa ajira WhatsApp bila neno lolote, risiti tu na kikatuni cha mtu kajishika kichwa. Mnaonijua mnajua, kituo cha afya hapa Tanga ni cha dada, mi nashika hesabu zake jioni nikitoka kwenye mihangaiko yangu, kwa hiyo hela ikitoka kimasihara naumia mara mbili, kama ndugu na kama mhasibu asiyelipwa.

Ilikuwa hivi. Nesi wetu wa leba alipata ajira ya serikali, kapangiwa Kilindi, tukampongeza, tukakata keki, asubuhi yake tukabaki tunatazamana. Kituo chenyewe kidogo, vitanda vya kuhesabu, akitoka mmoja zamu zote zinapinda. Dada kwa presha akampigia wakala Dar. Ada ya kufungua faili elfu 50, halafu akipatikana mtu unalipa sawa na mshahara wake wa mwezi mmoja. Wiki tatu tunasubiri. Akaja sista mmoja mpole, vyeti vimekamilika, leseni hai, miaka tisa kazini na mingi kati ya hiyo ni leba. Nikamuuliza kwa heshima zote, dada yangu umefikia wapi, gesti ipi, tukusaidie mizigo? Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali.

"Mi nakaa Mikanjuni."

Mikanjuni! Kwa baiskeli hata jasho halijakutoka umeshafika. Yaani jina lake lilipanda basi, likapita Segera, likakaa Dar kwenye faili la mtu, likarudi Tanga na bei mgongoni. Machungwa ya Muheza nayo yanakwenda Dar, lakini angalau hayarudishwi kuuzwa Muheza. Na kumbe yeye naye alishalipishwa ya "kuingizwa kwenye sistimu". Wakala kala kulia kala kushoto, na kazi aliyoifanya ni kupiga simu mbili.

Sasa mtu ataniambia kaka tulia, wakala anakusaidia kuchuja. Haya, nakubali nusu. Ukitafuta nesi wa usingizi au mtu wa thieta aliyeiva, hapa mjini hawajai kiganja na ukihangaika mwenyewe unaweza kumaliza mwaka. Huko mlipe tu. Lakini nesi wa wodi, wa leba, wa kliniki ya mama na mtoto? Mji huu una hospitali ya Bombo, una vituo, una zahanati kila kona, una manesi waliostaafu wanaokunywa chai barazani kuanzia Makorora mpaka Chumbageni. Unampigia mtu wa Dar akutafutie nini?

Nikamwambia dada, mtu pekee anayejua nesi mzuri ni nesi mwingine. Sio mimi, sio wewe, wala sio barua ya maombi inayosema "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya presha", hiyo hata mimi naweza kuiandika na damu nikiiona natafuta kiti. Nesi anajua nani saa tisa usiku mama akianza kutoka damu nyingi hapigi kelele, mikono inakwenda yenyewe. Anajua nani anajaza chati ya mgonjwa ambaye hajamgusa. Anajua nani akikabidhi zamu anakabidhi kweli na nani anakuachia dripu imekauka halafu anakwambia kila kitu kiko sawa shoga angu.

Kwa hiyo tulichofanya safari iliyofuata (maana tulihitaji na wa pili) ni kununua maandazi na chai ya maziwa, haikufika elfu 15, tukawaita wote jioni, mpaka mama wa usafi, na dada akauliza swali moja. Hakuuliza "mnamjua nani anatafuta kazi", ukiuliza hivyo utaletewa mashemeji. Aliuliza: nani ukimkuta kwenye zamu unapumua? Kimya kidogo, halafu wakaanza kucheka, halafu majina yakaanza kutoka. Matatu. Mawili yalitajwa na watu wawili wasiopatana, na mi hapo ndio nilipofunga daftari, kama mahasimu wamekubaliana juu ya mtu basi huyo mtu ni mzuri.

Tukaweka na kizawadi kwa aliyemleta mtu, robo tu ya alichokula wakala, nusu mtu akimaliza miezi mitatu na nusu akimaliza sita. Lakini nawaambia kweli hela sio kinachochuja. Kinachochuja ni kwamba ukimleta mvivu utapangwa naye usiku. Wakala hapangwi usiku na mtu yeyote.

Jina la kwanza lilikuwa la mama wa watoto wawili, aliacha kazi sehemu nyingine sio kwa sababu ameichoka, aliacha kwa sababu zamu za usiku zilikuwa zinagongana na mtoto anayenyonya. Likizo ya uzazi kwa sheria ni siku 84, mapacha 100, halafu unarudi kazini na kitoto cha miezi mitatu na mtu anakupanga usiku mara tatu kwa wiki. Tukamuuliza unaweza saa ngapi? Saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana. Basi. Ilitugharimu kuchora upya ratiba ya zamu kwenye karatasi ya manila. Mtaani wako wengi wa hivi, wanauza vitenge na juisi ya ukwaju huku leseni iko kabatini, kwa sababu kila tangazo linasema "awe tayari kufanya kazi muda wowote".

Jina la pili ni mstaafu, tunamwita Sista Mkubwa. Serikalini nesi ukifika 60 unatoka kwa lazima, uwe na nguvu usiwe nazo, na huyu mama nguvu anazo kuliko mimi. Nusu ya vijana wanaoendesha bodaboda Makorora wamepokelewa na mikono yake. Siku tatu kwa wiki, mchana tu, usiku hataki kusikia. Kwenye kompyuta za madai ya bima ni mateso, anabonyeza kwa kidole kimoja huku anasonya, sasa kuna binti anamwandikia na yeye anamfundisha yule binti kusikiliza mapigo ya mtoto kwa kile kipembe cha kuweka tumboni. Nani anamfaidi nani hapo sijui, mi naona kituo kinafaidi.

Ila jambo lililonikera mpaka nikaandika hii ni letu wenyewe, sio la wakala. Jina la tatu lilikataa. Dada alimpigia, akaongea naye vizuri, sista akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Samahani dada, kwenu mshahara unatoka tarehe ngapi?" Dada akasema mwisho wa mwezi. Sista akasema, "Mbona nimesikia tarehe 11?"

Aisee.

Na ni kweli. Miezi miwili mwaka huu, malipo ya bima yalichelewa na sisi tukachelewesha watu. Na kuna sista alitoka kwetu mwaka jana, cheti chake cha utumishi, karatasi moja tu ambayo kisheria ni haki yake, kilikaa mezani kwangu wiki saba kwa sababu nilikuwa "niko bize". Tanga hii! Tanga ambayo ukinunua samaki mkubwa sokoni Deep Sea, mke wako anajua kabla hujafika nyumbani. Tulidhani hawatasema?

Hapo ndio nimeelewa kwa nini vituo vingine vinapenda wakala. Wakala anakuletea mtu ambaye bado hajasikia habari zako. Na akishasikia anaondoka, unalipa tena, ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo, lakini sasa imekuwa ni orodha ya wafanyakazi. Ile hela ya wakala, mi na kalamu yangu nimeipiga, ingetosha kulipa nyongeza ya usiku, ile asilimia 5 kwa kila saa kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri, iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini tangu 2004 na sisi, nasema kwa aibu, tulikuwa tunailipa kwa kukumbushwa. Sasa mshahara unatoka tarehe 28, bima ilipe isilipe, dada kafungua akaunti ya pembeni kwa kazi hiyo tu na hata mimi siruhusiwi kuigusa. Sista wa tatu bado hajakubali. Kasema tuongee baada ya miezi mitatu. Ana haki.

Mengine nayasema haraka. Leseni usiiulize kwa mdomo, hakikisha na Baraza la Uuguzi na Ukunga hata kama mtu kaletwa na mama yako mzazi. Mpe zamu mbili za majaribio na uzilipe, sio "njoo tukuone" ya bure. Tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, nenda kwenye maadhimisho, wanapowasha mishumaa na kurudia kiapo wewe kaa nyuma usalimie watu, usigawe vipeperushi kama mgombea. Grupu za WhatsApp zipo ila andika mshahara kwenye tangazo, hii tabia ya "mshahara ni maelewano" maana yake tunaijua wote.

Na kuna kimoja kinanisumbua na sina jibu lake zuri. Ukimvuta nesi wa zahanati ya kijiji huko Mkinga ambako yuko peke yake, hujapata nesi, umehamisha pengo kutoka kwako kwenda kwa watu ambao hawana hata wakala wa kumpigia. Dada anasema hatuwezi kumzuia mtu kuhama. Sawa. Ila kumfuata kule kwake mi nimekataa, na kwenye hili tumenuniana siku mbili.

Yule sista wa Mikanjuni yupo, anapiga kazi, na ndiye aliyelileta jina la yule mama wa watoto wawili. Wakala kapiga simu tena Jumatatu kuuliza kama tunahitaji mtu wa maabara. Tunahitaji kweli. Lakini Sista Mkubwa kasema anamjua mmoja yuko Muheza, mtulivu, hapendi maneno mengi, kesho asubuhi napanda gari nikamsikilize, na barua ya kuonyesha tarehe tunazolipa nimeshaiprinti.