Sensa Si Hati ya Kiwanja: Donetsk Ni Mji wa Nani?

Donetsk, mji wa mashariki mwa Ukraine, niliujua kupitia mpira. Usiku wa tarehe 27 Juni 2012 tulijazana kwenye kibanda umiza kutazama nusu fainali ya Euro, Hispania na Ureno. Saa zao za kiangazi zinalingana na zetu, kwa hiyo mechi ilianza saa 3:45 usiku kwao na kwetu. Dakika 120 zikaisha bila bao, Fàbregas akafunga penalti ya mwisho, na Ronaldo akabaki akingoja zamu ambayo haikufika. Uwanja ule, Donbass Arena, ulikuwa haujatimiza hata miaka mitatu tangu ufunguliwe. Miaka miwili baadaye vita ikaingia mjini, na tangu Mei 2014 Shakhtar, timu ya mji huo, hawajacheza tena kwao.

Nimekuwa nikiufuatilia mji huo tangu hapo, na kuna hoja moja ninayoikuta katika mijadala yetu ambayo inaniuma: ati Donetsk ni mji wa Warusi, basi Urusi imechukua kilicho chake. Wanaoitoa huja na sensa ya 2001. Warusi asilimia 48, Waukraine karibu asilimia 47, na karibu watu tisa katika kila kumi walitaja Kirusi kuwa lugha yao ya kwanza. Takwimu hizo ni za kweli. Ninachokataa ni kuzigeuza hati ya kiwanja.

Mji wenyewe ulianzishwa na mtu wa Wales. John Hughes, fundi chuma mzaliwa wa Merthyr Tydfil, alipewa na serikali ya mfalme wa Urusi kibali cha kutengeneza reli, akafika kando ya mto Kalmius mwaka 1870 na mafundi wapatao mia moja na meli nane za mitambo. Makaa ya mawe yalikuwa pale pale chini ya nyika. Mwaka 1872 tanuri lake likaanza kutoa chuma, na makazi yakaitwa Yuzovka, yaani jina la Hughes lilivyotamkika midomoni mwa watu wa huko. Mwaka 1897 walihesabiwa watu wapatao 28,000. Mwaka 1926 wamepita 100,000, na mji umeshabadilishwa jina kuwa Stalino. Mwaka 1939 wamepita 460,000. Uzazi haukuzi mji kwa kasi hiyo. Hao ni watu waliokuja: wakulima wa Urusi wasio na ardhi ya kuwatosha, Wayahudi wafanyabiashara na mafundi, Waukraine wa vijiji vya jirani. Lugha ya kazi mgodini ilikuwa Kirusi, na mtoto wa Mukraine aliyeingia shimoni aliizoea. Sisi tunapaswa kulielewa hili kuliko wengi. Lubumbashi nako Kiswahili kilikua pamoja na migodi ya shaba, na hakuna anayedai kwamba kwa sababu hiyo Lubumbashi ni ya Tanzania.

Halafu kuna wasiohesabiwa kabisa. Mama yake Gareth Jones, mwandishi wa habari wa Wales, aliwahi kuwa mwalimu wa watoto wa ukoo wa Hughes kule Yuzovka, na mwanawe alikua akisikia habari za mji huo. Machi 1933 kijana huyo alipita kwa miguu katika vijiji vya Ukraine, akalala katika nyumba za watu wasio na mkate, kisha akatangaza akiwa Berlin kwamba nchi ile inakufa kwa njaa. Waandishi wenzake waliokuwa Moscow walimkanusha hadharani. Njaa hiyo, iliyoletwa na sera za Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, iliua mamilioni ya Waukraine, wengi wao wakulima. Mtu anaponionyesha ni wangapi walibaki, nami namwuliza wangapi waliuawa.

Wajerumani waliukalia mji kuanzia Oktoba 1941 hadi Septemba 1943, na maelfu waliouawa walitupwa katika shimo la mgodi. Baada ya vita mji ulijengwa upya, ukaitwa Donetsk mwaka 1961, na sensa ya 1989 ikakuta watu zaidi ya milioni 1.1. Humo humo, katika mji unaoitwa wa Kirusi, ndimo alimokulia Vasyl Stus, mshairi mkubwa wa Kiukraine, aliyefia katika kambi ya wafungwa mwaka 1985.

Julai 1989 wachimbaji wa Donbas, eneo la migodi ambamo Donetsk imo, waligoma. Miongoni mwa madai yao ilikuwa sabuni. Wanaume wanaotoka chini ya ardhi weusi kwa vumbi la makaa walikuwa hawana cha kuogea, katika dola ya Kisovieti iliyowachora kama mashujaa kwenye mabango. Desemba 1991 watu waliulizwa waziwazi kama wanataka Ukraine huru, na katika mkoa wa Donetsk asilimia 83.9 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Warusi wa mkoa huo walikuwamo katika hesabu hiyo, tena wengi. Sensa huwauliza watu kabila na lugha. Kura iliwauliza wanataka kuishi katika nchi gani.

Tangu 2001 Ukraine haijafanya sensa nyingine, na watu wengi wa Donetsk wametawanyika tangu 2014. Timu yao imecheza mechi za nyumbani Lviv, Kharkiv na Kyiv, na zile za Ulaya hadi Warsaw, Hamburg na Gelsenkirchen, na kwenye ratiba bado inaandikwa Shakhtar Donetsk. Wale waliokimbia wakiwa na funguo za nyumba zao mfukoni nao ni watu wa mji huo.