Chavua ya mnazi kwenye friza, na shamba je?

Mahindi ukiyakausha vizuri, mbegu yake inakaa miaka kwenye chumba cha baridi. Nazi haikubali. Imejaa maji, ikishakomaa inataka kuchipua, na ukiikausha au kuigandisha kiini kinakufa. Ndiyo maana aina za minazi hutunzwa zikiwa zimesimama shambani, na ndiyo maana hoja ya kuhifadhi aina hizo kwa kuweka chavua, yaani unga wa maua dume, kwenye friza inaihusu Bagamoyo yenye minazi kuliko mikoa ya mahindi.

Kazi ya kuhifadhi chavua si ya ajabu. Karara, lile ganda linalofunika maua ya mnazi, likipasuka, maua dume yanapukuchuliwa, yanapondwa kidogo, yanakaushwa na kuchekechwa. Kinachobaki ni unga laini wa manjano. Ukiufunga hewa isiingie, friza inautunza kwa miezi. Katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, watafiti wa India wameutunza kwa miaka. Siku ya kuutumia unachanganywa na poda ya talki, unapulizwa juu ya maua jike ya mnazi mwingine uliokwisha kuondolewa maua yake dume na kuvikwa mfuko. Baada ya karibu mwaka mzima unaangua nazi ambayo baba yake unamjua.

Faida ni wazi. Mtafiti wa kituo cha utafiti wa minazi cha Chambezi, Bagamoyo, halazimiki kungoja mnazi mfupi na mrefu ichanue pamoja. Kichupa kinasafiri kwa wepesi ambao gunia la nazi za mbegu haliwezi. Halafu kuna ugonjwa wa kunyong'onyea unaoua minazi, ambao kwangu ndio hoja kubwa kuliko zote. Nazi changa zinapukutika, maua yanakuwa meusi, makuti yanageuka manjano, mwishowe kilele kinadondoka na linabaki gogo tupu. Angalia mpangilio huo: maua yanaharibika mapema. Anayesubiri mti uumwe ndipo akachukue chavua atakuwa amechelewa.

Sasa upande wa pili. Chavua ni nusu ya mti, na haioti. Aina ikishatoweka, kichupa hakikurudishii kitamli, ule mnazi mfupi wa madafu. Utamchavusha mama wa aina nyingine, upate chotara, kisha umrudishie chavua ileile kizazi baada ya kizazi. Kwa minazi mirefu, inayochukua miaka 6 hata zaidi kuanza kuzaa, hiyo ni kazi ya kumrithisha mjukuu. Na hata hapo, vile vinasaba vichache vinavyopita kwa mama pekee havirudi. Umeme nao tunaujua, na naitrojeni huvukiza: bajeti ya kuijaza ikikwama, hifadhi imekwisha.

Wakulima wazee wana shaka nyingine, juu ya chotara wenyewe, nami siibezi. Mradi wa taifa wa minazi ulioanza 1979 kwa msaada wa Ujerumani ulijaribu chotara kwa bidii, na nyingi hazikuhimili ukame na ugonjwa wetu kama mnazi mrefu wa pwani.

Hofu yangu hasa ni ardhi. Bagamoyo mashamba ya minazi yanageuka viwanja, na friza ni kisingizio kizuri kwa mwenye kutaka kugawa shamba la utafiti: "si tumeshahifadhi?" Mkusanyo mkubwa wa minazi wa Afrika, ulioko Port Bouët nchini Côte d'Ivoire, umebanwa na jiji la Abidjan huku ugonjwa ukiunyemelea. Huko chavua ni akiba ya maana, ila bila minazi mama mahali pengine haina pa kupulizwa.

Kwa hiyo fedha zikiwa chache, kwanza zilinde eneo la Chambezi kwa hati, ndipo zinunue friza na jenereta. Chavua ianze kukusanywa kwenye minazi iliyobaki imesimama katikati ya mashamba yaliyokufa, kwa kujua kwamba mingine imesalimika kwa bahati tu na watoto wake lazima wajaribiwe penye ugonjwa. Na mwenye mti asainiane na kituo kabla mkwezi hajapanda: chavua imetoka kwake, na miche ikipatikana awe wa kwanza kupewa.