Lita 16 za Mawese

Pakeji ya likizo ya kidato cha tano, kwa sisi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), hulala chini ya godoro mpaka wiki ya kurudi shule. Yangu niliiamsha Ujiji, kwa shangazi yangu anayeuza mawese. Swali la kwanza la kalkulasi: una bati la mraba, sentimita 60 kwa 60. Kata vimraba vinne kwenye kona, kunja pande, upate sanduku lisilo na mfuniko. Ukate kiasi gani ili ujazo uwe mkubwa kuliko wote?

Shangazi alikuwa anapita. "Sanduku la bati? Na dumu langu limetobolewa na panya! Si ulitengeneze basi, baba, kuliko kuchorachora."

Nikaandika V = x(60 − 2x)², nikadifrenshieti, nikaweka sawa na sifuri. Majibu mawili: 10 na 30. La 30 halifai, maana ukikata 30 kila kona bati lote limekwisha. Fundi bati alivyosikia akasema hilo ndilo jibu zuri, mteja anarudi kununua bati jingine. Tukakata 10. Kitako 40 kwa 40, kimo 10: lita 16 kamili. Fundi alinung'unika kwamba kona hazina pa kushikana, akapachika vipande na kulehemu. Kihesabu, Kigoma nzima haikuwa na sanduku bora.

"Lita kumi na sita?" Shangazi haamini hesabu isiyo na kopo. Mawese yalikuwa yameganda kwa ubaridi wa asubuhi. Akayapasha moto, akaanza kumimina kopo la lita moja moja. La mwisho lilipoingia, mafuta yalisimama ukingoni kabisa, mekundu, yakitetemeka kila mtu akikanyaga sakafu. Shangazi akanitazama kwa heshima. Heshima ile ilidumu mpaka simu ilipolia.

Alikuwa mteja wake wa Mwanga, mkaanga mihogo, anataka mafuta sasa hivi. Nikapandishwa bodaboda, sanduku mapajani, nailoni juu, daftari la fizikia chini ili bati lisiniunguze.

Katika daftari hilo nilikuwa nimenakili sheria ya kwanza ya Newton: kitu kilicho kwenye mwendo huendelea na mwendo wake uleule mpaka kani ya nje ikiingilie. Mbele yetu likatokea tuta. Dereva akafunga breki, pikipiki ikatii, nami nikatii. Mawese hayakuwa na habari. Yaliendelea na safari ya Mwanga, yakapitia kwenye kola ya dereva na kuteremka mgongoni, bado vuguvugu. Naye akashtuka, akavuta moto. Pikipiki ikaruka mbele, na mengine, ambayo sasa yalitaka kukaa palepale, yakanirudia mimi kifuani.

"Dogo, umebeba nini?"

"Mawese."

"Kwenye sinia?"

"Si sinia, kaka. Huo ndio ujazo wa juu kabisa."

Shati lake lilikuwa jeupe. Shangazi alililipia bila kusema neno, na shangazi yangu akinyamaza ujue anahesabu.

Akapima yaliyobaki: makopo manne na mchirizi. Hapo mimi nilishakaa na peni. Ukifunga breki kwa nusu ya g, yaani nusu ya mchapuko wa graviti, uso wa mafuta unainama, unashuka sentimita 1 kwa kila 2 za mlalo. Kwenye sanduku la upana wa 40 na kimo cha 10 inabaki kabari tu, na kabari hiyo ni lita 4!

"Shangazi, zimelingana! Hesabu imekubali!"

"Vizuri. Mwambie huyo Newton wako anidai lita nne, mimi namdai kumi na mbili."

Akachukua daftari langu kwa ncha za vidole. Kurasa zilikuwa zimelowa, unasoma swali la mbele mpaka la nyuma bila kufunua. Akalielekeza dirishani, akasoma polepole. Swali lililofuata lilikuwa la tanki lenye umbo la pia, linavuja kwa chini, tafuta kasi ya kushuka kwa kina.

Akanirudishia daftari, akaenda kufunga stoo kwa kufuli.