Iuze Nyumba Ingali Yako

Wiki iliyopita gari la matangazo lilipita mtaani kwetu hapa Chikongola, Mtwara, likitangaza mnada wa nyumba ya jirani yangu, aliyeiweka rehani kwa mkopo akashindwa kuurejesha. Lilitaja namba ya kiwanja, idadi ya vyumba, tarehe na saa ya mnada; jina la mwenye nyumba halikutajwa, na hakuna aliyehitaji kulisikia. Nilikuwa barazani kwa mzee mmoja ninayemheshimu, nikamsikia akisema kwa huzuni ya kweli: "Bora wamnyang'anye, ijulikane kadhulumiwa, kuliko angeuza mwenyewe akaonekana kashindwa." Waliokuwepo wote wakaitikia, na mimi, kwa adabu ya mdogo mbele ya mkubwa, nikanyamaza. Leo sinyamazi, kwa sababu maneno hayo ndiyo yaliyoifikisha familia ile kwenye mnada, na naamini yatazifikisha nyingine.

Mwaka jana, wakati malimbikizo ya jirani yangu yalikuwa bado machache, alikuja mnunuzi kutoka Masasi, mfanyabiashara wa korosho aliyekuwa na fedha mkononi. Bei aliyotoa ingelipa deni lote na kubakiza fedha ya kununua kiwanja upande wa Mangamba na kusimamisha vyumba viwili. Mke wa jirani alikubali. Kaka zake mume walikuja kutoka kijijini, wakaketi, wakasema nyumba ya mtoto wao haiuzwi, na wiki hiyohiyo ukutani yakaandikwa kwa rangi nyekundu yale maneno tunayoyajua sote, "Nyumba hii haiuzwi". Mnunuzi akaenda kununua mtaa mwingine, Shangani. Kaka wale walirudi kwao bila kuacha hata shilingi moja ya marejesho, na mke akabaki na barua za taasisi iliyotoa mkopo, ambazo alizihifadhi kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, nyingine zikiwa hazijafunguliwa.

Tunapomsifu mtu kwa kuvumilia deni asiloliweza, tunasahau kwamba muda huo una bei. Chukua mkopo wa shilingi milioni 40 wa miaka 10, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Rejesho la kila mwezi ni takriban shilingi 695,000. Katika rejesho la kwanza, shilingi 566,667 ni riba, na kiasi kinachopunguza deni lenyewe hakifiki hata shilingi 130,000. Maana yake ni kwamba anayekwama mwaka wa pili bado anadaiwa karibu fedha yote aliyokopa, na kila mwezi anaokaa bila kulipa, riba ya zaidi ya nusu milioni inaongezeka juu ya deni, kabla hujahesabu adhabu ya kuchelewa iliyoandikwa kwenye mkataba. Mwaka mmoja wa kuvumilia unaweza kumgharimu zaidi ya shilingi milioni 6. Fedha hiyo inatoka katika ile sehemu ya thamani ya nyumba ambayo ilikuwa yake, aliyoipata kwa kujinyima, na inahamia kwa mkopeshaji huku majirani tukimpongeza kwa ushupavu.

Sheria nayo inampa mkopaji muda, ingawa wengi huutumia kulala. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kama ilivyorekebishwa mwaka 2008, inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya maandishi na kusubiri siku 60 kabla ya kutumia haki yake ya kuuza, na mnada wenyewe unapaswa kutangazwa kwa umma kwa siku zisizopungua 14. Ndani ya siku hizo 60 nyumba bado ni ya mkopaji, na bado anaweza kumtafuta mnunuzi wake, akazungumza naye bei kwa utulivu na kumwonyesha kisima, uzio na mwembe uliopo uani. Siku ya mnada hakuna anayeuliza habari ya mwembe. Watu wanafika wakijua kwamba nyumba lazima iuzwe, na wanataja bei kwa kujua hivyo. Ni kweli kwamba sheria hiyohiyo inamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayowezekana, na kwamba nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Lakini huo ni utetezi wa mahakamani, wenye gharama na miezi ya kusubiri, na anayeuhitaji kwa kawaida ameshahamisha vitanda. Fedha ya mnada ikizidi deni na gharama, ziada ni ya mkopaji; isipotosha, salio linabaki shingoni mwake. Mtu anaweza kupoteza nyumba na bado akadaiwa.

Sisemi kila aliyebanwa auze. Kuna tofauti kubwa kati ya kipato kilichochelewa na kipato kilichoondoka, na sisi wa Mtwara na Lindi tunapaswa kuijua kuliko watu wote. Novemba 2018, Serikali ilipoingia sokoni na kutangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo, na pamoja nao wenye maduka, wenye magari na wenye mikopo. Aliyekwama wakati ule alikuwa na fedha inayodaiwa mahali, kwa hiyo kwenda kwa afisa mikopo na kuomba marejesho yapangwe upya lilikuwa jambo la busara. Mtumishi ambaye malimbikizo ya mshahara wake yamethibitishwa yuko katika hali hiyo pia. Lakini wako waliojenga nyumba za kupangisha na za wageni kwa mikopo katika miaka ile ya matarajio ya gesi, wakati bomba la kwenda Dar es Salaam linajengwa na kila chumba hapa mjini kina mtu wa kukiulizia. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015, mafundi na wahandisi wakaondoka, na wapangaji waliotarajiwa kukaa hawakukaa. Kwa Lindi, matumaini ya mradi wa kusindika gesi pale Likong'o yamezishikilia hesabu za watu wengi kwa miaka mingi. Kama rejesho lako linategemea mpangaji ambaye bado hajafika mjini, huna kipato kilichochelewa. Huna kipato.

Kuhamia chumba cha kupanga na kuipangisha nyumba yenyewe ni njia nyingine, nami nakiri kwamba imewasaidia baadhi ya watu, ila kodi ya pango iwe inafikia rejesho au kulikaribia sana, la sivyo unaahirisha tu. Kukopa kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kuumiza, ili kulipa rejesho la benki kusizungumzwe kabisa katika nyumba yenye watoto.

Kuuza nyumba iliyo rehani si wizi wala si kujificha, kama wengine wanavyodhani. Mkopaji anaomba taarifa ya maandishi ya salio la mkopo, anamwita mthamini aliyesajiliwa, kisha yeye, mnunuzi na mkopeshaji wanakubaliana: mnunuzi analipa deni moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, mkopeshaji anaachia hati na rehani inafutwa kwa msajili wa hati, kinachobaki kinaingia kwa muuzaji. Maofisa wengi wa mikopo hupendelea njia hii, kwa sababu mnada ni usumbufu kwao pia. Ulizia mapema kuhusu kodi inayotozwa kwenye faida ya mauzo, ili isije ikakukuta umeshazigawa fedha.

Mwenza lazima awepo tangu mwanzo. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Ndivyo sheria inavyosema, lakini nimeona wanawake wakiitwa kaunta kuweka sahihi kwenye karatasi wasizosomewa, kisha wakasikia habari ya deni kwa mara ya kwanza kutoka kwenye kipaza sauti. Huo ni ukatili, hata kama aliyeufanya alikusudia kumkinga mkewe na wasiwasi. Yule mke wa jirani yangu alikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba bei ya mtu wa Masasi ni bei nzuri. Hakusikilizwa kwa sababu walioketi kikaoni walikuwa wakilinda jina.

Naelewa jina. Katika jamii zetu za Kusini nyumba ni mahali ambapo bibi anakuja kuuguzwa, watoto wa dada wanafikia wakija kusoma, na msiba unawekwa. Anayeiuza anajua kwamba msiba ujao utawekwa kwingine, na hilo linauma. Sitalipuuza. Ila wajomba na kaka wanaokuja kuzuia mauzo waje na mchango, na wauandike: fulani atatoa kiasi hiki kila mwezi, hadi mwezi fulani. Ukoo ukiweza kubeba rejesho, nyumba na ibaki, nami nitakuwa wa kwanza kushukuru. Ukishindwa, uamuzi uachwe kwa wawili wanaolipa, bila kunong'onwa barazani kwamba wameshindwa maisha.

Kwa anayesoma haya akiwa na barua yake juu ya kabati, kalenda yetu ina jambo la kukusaidia. Mikorosho sasa inapuliziwa salfa. Minada ya korosho itafunguliwa Oktoba, na kuanzia hapo hadi mwisho wa mwaka ndipo fedha zinapoonekana Mtwara, Newala, Tandahimba na Nachingwea, na ndipo wanunuzi wa nyumba wanapopatikana wakiwa na fedha taslimu. Anayetangaza nyumba Aprili, mifuko ya watu ikiwa mitupu, atapewa bei ya Aprili. Kwa hiyo fungua barua zote na uzipange kwa tarehe, uone kama siku 60 zimeanza kuhesabiwa. Wewe na mwenza wako nendeni pamoja mkaombe salio kwa maandishi, mwiteni mthamini, na mwambieni mwenyekiti wa mtaa mapema ili asije akasikia kwa dalali. Mkifanya hivyo mwezi huu, Oktoba itawakuta mkiwa na karatasi mezani na bei yenu wenyewe mdomoni.