Ndiyo, Nilimnyang'anya Mtoto Juisi

Naona habari imenitangulia. Tangu jana jioni simu haijatulia, na kila anayepiga anaanza na kicheko. Wenye adabu zao wanaanza kwa kukohoa. Swahiba wangu, yule yule mnayemjua kwa kutia chumvi, keshatangaza kote kwamba nimeonekana kliniki ya kisukari nikimpora mtoto wa watu juisi. Mimi. Mtu wa miaka 47, mwenye mvi kidevuni na rundo la funguo za ofisi kiunoni.

Sasa nasema mwenyewe: ni kweli. Ila swahiba kasimulia kishabiki. Kwanza, yule mtoto si "kichanga" kama alivyowaambia. Ana miaka kama mitano, na ana mkono wenye nguvu, naujua kwa sababu tulivutana. Pili, sikukimbia baada ya tukio. Ningekimbiaje na miguu ilikwisha kuniaga?

Kilichoniponza ni utii. Msicheke. Mnakumbuka nilivyokuwa zamani: leo nameza, kesho nasahau, keshokutwa nameza viwili kufidia. Mpaka mfamasia aliponiweka chini akaniambia dozi iliyokupita, ukikuta saa ya inayofuata imekaribia, iache iende zake. Kumeza mbili kwa mpigo si kufidia, ni kujitafutia mengine. Maneno yakaniingia. Nikanunua kile kikasha cha vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki, nikatega na kengele ya simu, saa 12:30 asubuhi. Ikilia, nameza. Vidonge vitatu: metfomini na glibenklamidi vya sukari, atenololi cha presha. Miezi mitano sijaruka hata siku moja, na nilikuwa nalitangaza hilo kila penye watu wawili, mpaka wakaanza kuhama meza.

Wiki iliyopita nesi akaniambia nije kupimwa sukari ya asubuhi kabla ya kula. Muda wa saa nane nzima bila chakula, maji tu ndiyo ruhusa. Nikaitikia. Halafu, nikiwa nimeshasimama nakunja karatasi zangu, akaongeza jambo: "Na vidonge vyako vya asubuhi, njoo navyo."

Njoo navyo.

Mimi nikaja navyo. Tumboni.

Najua wenzangu wa kisukari hapo mmeshashika vichwa. Kwa wale wenye kongosho zima, niwaeleze. Metfomini ikiwa peke yake ni mpole, ni nadra kuiangusha sukari yako ikapitiliza. Glibenklamidi ni kiumbe kingine. Kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini inayoshusha sukari, na haiulizi kama umekula. Ikikuta chakula, vizuri. Isipokikuta, inakomba sukari hiyo hiyo kidogo iliyomo kwenye damu. Mimi nilikula mara ya mwisho saa 2 usiku. Asubuhi kengele ikalia, nikameza vyote vitatu kwa glasi ya maji, nikajipongeza mbele ya kioo kwa kufuata masharti yote mawili: sijala, na dozi sijaruka.

Saa 1:15 niko kliniki. Namba 41. Swahiba, ambaye yeye ana presha tu na huwa anakuja siku moja na mimi, namba 42. Benchi la mbele yetu kulikuwa na mama mmoja na binti yake, vile viatu vya watoto vinavyowaka taa kisiginoni. Yule binti akageuka, akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo." Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Kumbukeni hiyo salamu. Mimi nitaikumbuka mpaka kaburini.

Saa 3 hivi ndipo mambo yalipoanza, na yalianza kwa hasira. Sikujua kwamba hasira nayo ni dalili. Kuna mzee alikuwa ameketi kushoto kwangu, anapumua. Anapumua tu, kama watu wote. Mimi nikamgeukia nikamwambia, "Mzee, kwani lazima?" Mzee wa watu akasogea. Kisha nikaitazama namba yangu nikaona 14. Nikaigeuza juu chini, nikaona 41. Nikaigeuza tena. Nikaanza kuamini kwamba kuna njama, kwamba nilipewa 14 na mtu kaigeuza nikiwa sioni. Nikamwambia swahiba. Swahiba akasema nitulie.

Jasho sasa. Jasho lilinitoka nyuma ya masikio, likashuka mgongoni, shati likanigandia kama nimetolewa mtoni. Ila moyo? Moyo wangu ulikuwa unadunda polepole, kwa heshima zote. Ndiyo maana sikushtuka. Nilikuwa nikisikia sukari ikishuka moyo unakwenda mbio, mwili unatetemeka. Nesi alinieleza baadaye kwamba dawa za presha za jamii ya atenololi huficha hayo, zinauzuia moyo kupiga kelele, na mara nyingi kinachobaki kukuonya ni jasho. Mimi jasho nikalisingizia joto.

Na hapa kuna kipande ambacho swahiba hakuwasimulia, kwa hiyo nakisimulia mimi kwa furaha. Aliponiona nimelowa alisema, "Hiyo presha hiyo," akaanza kupekua mfuko wake akitafuta kidonge chake cha presha anipe nimeze. Cha kwake! Kilichoandikwa kwa jina lake! Nimeketi hatua kumi kutoka kwa nesi, mtu anataka kunitibu kutoka mfukoni. Bahati nzuri kilikuwa kimejificha chini ya miwani, na kabla hajakipata, mimi nilisikia sauti.

Fyooo.

Yule binti alikuwa ametoboa boksi la juisi.

Nitasema polepole maana ndicho mlichokuja kusoma. Dunia yote iliondoka. Foleni sikuiona, swahiba sikumwona, hata ukuta ulikwenda. Kilichobaki ni mrija mweupe, ncha yake imetafunwatafunwa, na juisi ya rangi ya chungwa inapanda ndani yake, inafika karibu na mdomo wa mtoto, inasita, inashuka. Inapanda tena. Nilikuwa naihesabu. Sijawahi kumtazama mtu yeyote kwa mapenzi kama nilivyoutazama ule mrija, na mke wangu anasoma hapa, atanisamehe.

Nikainuka. Nikainama mbele ya mtoto. Nikasema, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, "Mwanangu, hebu nionjeshe."

Mtoto akaniangalia. Akaliangalia boksi. Akalificha nyuma ya mgongo wake. Ana akili sana yule mtoto, atafika mbali.

Basi mkono wangu ukaenda wenyewe. Ukazunguka nyuma yake, ukalishika boksi. Yeye akalishika. Tukavutana, mara ya kwanza, mara ya pili, viatu vikawaka taa. Mara ya tatu likawa langu. Nikatia mrija mdomoni, ule ule uliotafunwa, nikavuta. Sikupumzika. Boksi likaanza kubonyea, likaingia tumbo huku na huku, likatoa ule mlio wa mwisho wa kukwangua chini, krrr, na bado navuta, macho yangu yamekutana na ya mtoto, naye hata kope hapigi.

Nilipolishusha, hakulia. Afadhali angelia. Alinyosha mkono, akalichukua boksi lake taratibu, akalitikisa sikioni. Akaligeuza juu chini. Tone moja likadondoka sakafuni. Tukalitazama sote, foleni nzima. Kisha akamgeukia mama yake akasema kwa sauti ya kutoa taarifa:

"Mama, babu kamaliza."

Babu! Mvi chache hizi?

Ndipo akaangua kilio, na mama akainuka, na kauli zilizofuata sitaziandika. Na huku nyuma yangu, juu kabisa ya kichwa changu, kulikuwa na bango kubwa la kliniki lenye picha ya chupa iliyopigwa mstari mwekundu, linatukumbusha wenye kisukari tupunguze vinywaji vitamu. Nimesimama chini yake, na mrija bado uko mdomoni. Hiyo ndiyo picha aliyoipiga swahiba. Ile mnayotumiana.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nesi alikuja mbio, akanishika mkono kutaka kunitoboa kidole, akakiona kinanata. Akanipeleka kwanza kwenye sinki ninawe, kwa sababu juisi ikibaki kwenye ngozi mashine inaisoma nayo na kukudanganya kwamba sukari ipo. Nikanawa, akatoboa: 3.1. Chini ya 4 ni kushuka, na hiyo ni baada ya kumaliza boksi la mtu.

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza. Sijaruka tangu miezi mitano."

"Umekula?"

"Si mlisema nisile?"

Alinitazama kama dakika nzima. "Nilisema uje navyo," akasema.

Hapo swahiba akajitokeza na kipande cha chokoleti, anataka kurekebisha jina. Nesi akamrudisha nayo: ina mafuta, sukari yake inachelewa kuingia kwenye damu, kwa dharura kama hii inatakiwa sukari nyepesi, kama gramu 15, nusu glasi ya juisi inatosha, kisha unasubiri dakika 15 unapima tena. Nusu glasi! Mimi nilinyonya mpaka boksi likabaki ngozi.

Dakika 15 zikapita, 4.4. Nikapewa biskuti. Nikadhani naruhusiwa kwenda, kumbe glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kukuangusha mara ya pili ukiwa njiani, kwa hiyo nikabakizwa kitini hadi saa 7 mchana, natobolewa kila baada ya muda, mbele ya watu wale wale. Kipimo chenyewe nilichokijia kilifutwa, maana nani apime sukari ya kabla ya kula kwa mtu aliyekunywa juisi ya wizi. Nimepangiwa wiki ijayo. Vidonge vya sukari vya siku hiyo nitavimeza nikishatolewa damu na chakula kiko mbele yangu. Nesi aliniandikia kwa herufi kubwa, akanifanya nimsomee kwa sauti.

Mama wa mtoto alipoelezwa alilainika, akanipa pole. Nilitoka nikarudi na maboksi mawili ya juisi, nikampelekea binti huku nimeinamisha kichwa. Aliyapokea yote mawili, akayakagua mbele na nyuma, akayahamishia upande wa pili wa mama yake, mbali na mimi. Kisha akaninyoshea kiganja kitupu.

"Na mrija wangu?"

Ulikuwa mfukoni mwangu. Msiniulize uliingiaje. Nikautoa, nikamrudishia, akaushika kwa vidole viwili akautupa kwenye pipa la takataka.

Swahiba ametuma nyingine sasa hivi, kanitengenezea na maneno juu ya picha. Nitamjibu kwa kuwaonyesha nyote kile kidonge chake, maana nilikipiga picha pia kilipopatikana. Ila subirini kidogo. Kengele ya dozi inalia, na mimi sasa hivi nakula kwanza.