Kabla ya kusema manesi wanafunzi hawana wito

Malalamiko yanajulikana: nesi mwanafunzi haitikii salamu, anamgeuza mgonjwa kama godoro, na mama mwenye uchungu akilia anafokewa. Wanaolalamika wana haki. Mama aliye leba hawezi kungoja mpaka anayemhudumia apumzike, na akishatukanwa mara moja, mimba inayofuata huenda akajifungulia nyumbani. Isitoshe, wapo wanafunzi waliochoka vilevile ambao bado humshika mgonjwa mkono na kumwita kwa jina.

Hata hivyo, kusema vijana wa siku hizi hawana wito ni kuwaonea. Mwaka 1981 watafiti Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha dodoso la kupima uchovu wa wanaohudumia watu, nalo hutazama mambo matatu: kuishiwa nguvu za moyo, kumwona mtu kama kitu, na kujiona hufai kazini. Ubaridi tunaoulaani ni hilo la pili, na mara nyingi la kwanza ndilo hulizaa. Aliyeishiwa hujitenga na maumivu ya wengine ili kesho aweze kurudi wodini.

Sasa, mwanafunzi yuko upande gani, wa kazi au wa masomo? Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoidhinishwa 2019, inautaja uchovu huu kuwa jambo la kazini, na inaelekeza jina hilo lisitumike kwa maeneo mengine ya maisha. Mwanafunzi huingia zamu ya usiku, hupima presha, husafisha vidonda, husaidia kumwandaa marehemu. Wauguzi wakiwa wachache, yeye ndiye anayeitwa kitanda hadi kitanda. Lakini hana mshahara wala likizo ya mfanyakazi, na mtihani unamsubiri. Amebebeshwa kazi, ila ukifika wakati wa kumlinda anaambiwa bado anasoma. Hili linaniuma kuliko yote. Mgonjwa wake wa kwanza akifa mikononi mwake, kesho yake ataulizwa kama kitabu chake cha mazoezi ya wodini kimesainiwa. Jinsi alivyolala, ni nadra mtu kumuuliza.

Wakufunzi nao wamezidiwa, sikatai. Ila kukaa na wanafunzi nusu saa baada ya kifo wodini, wakazungumza, hakuhitaji bajeti mpya. Anayemtukana mgonjwa aadhibiwe, na siku hiyohiyo chuo kiulizwe amefanya zamu ngapi mfululizo na nani alikuwa akimsimamia.