Mkaguzi wa ndani anamuomba mafuta yule anayemkagua

Niliwahi kuwa mhasibu msaidizi kwenye halmashauri moja, jina naliacha, na mpaka leo nikisikia mtu anasema "tuimarishe ukaguzi wa ndani" huwa nacheka peke yangu. Ilikuwa hivi, kulikuwa na vocha ya saruji mifuko 400 ya kujengea zahanati kwa fosi akaunti, yaani halmashauri inajenga yenyewe bila mkandarasi, mkaguzi wetu wa ndani akaitilia mashaka akataka aende saiti akahesabu mwenyewe. Sasa kwenda saiti kunataka gari, gari lazima uombe, na dokezo la mafuta na posho linasainiwa na mkurugenzi ambaye ndo huyohuyo aliyeidhinisha malipo ya saruji. Wiki ya kwanza gari liko gereji, wiki ya pili gari lipo ila mafuta hamna, wiki ya tatu mzee wa watu akapanda bodaboda kwa hela yake mwenyewe, akarudi jioni vumbi mpaka kwenye nyusi, kwenye daftari kaandika mifuko 260.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka kila halmashauri iwe na mkaguzi wa ndani na kitengo chake kiwe huru, halafu hapohapo inamtaka awajibike moja kwa moja kwa mkurugenzi. Huru, ila kwa mkurugenzi, aisee! Kwenye wizara kuna kamati ya ukaguzi, sawa, ila anayeiunda ni afisa masuhuli mwenyewe, yaani bosi anayeidhinisha matumizi. Mwaka 2010 ikaanzishwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali pale Hazina, na hilo lilikuwa jambo jema sikatai, wakaguzi angalau wakapata mtu wa kuwasemea, ila mafuta na posho bado unaombea kulekule kwa bosi wako.

Na sisi wananchi nasi akili zote tumeziweka kwa CAG, yule Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwezi wa tatu anamkabidhi Rais ripoti, mwezi wa nne inaingia bungeni, mitandaoni panawaka siku tatu nne hivi kisha tunarudi kwenye mpira. Lakini jamani CAG anakagua mwaka wa fedha ambao ulishaisha tangu Juni, yaani anakuta hela imeshaliwa na aliyekula pengine kashahama kituo. Huyu wa ndani yupo jengoni mwaka mzima, anaikuta vocha bado ya moto, anajua nani shemeji yake nani, na kwa mshahara wake mdogo ule angeweza kuzuia hasara ambayo baadaye tunaisoma kwenye ripoti kama hadithi.

Najua mtu atasema wakaguzi wenyewe nao wanakula. Wapo, tena nimewaona. Ila hebu jiweke kwenye nafasi yake, unaandika ripoti ya kumkera bosi na barua ya uhamisho inaweza kukukuta mezani kabla hata haujachapa ukurasa wa mwisho. Profesa Assad alikuwa CAG, analindwa na ibara nzima ya Katiba, ya 144, na bado alitolewa Novemba 2019, na Mahakama Kuu ikaja kusema mwishoni mwa 2022 kwamba ilikuwa kinyume na Katiba, wakati aliyemrithi kashakaa ofisini miaka mitatu. Sasa mkaguzi wa wilayani analindwa na nini? Hata Marekani, wenye sheria ya wakaguzi wakuu tangu 1978, inayomtaka rais alijulishe Bunge siku 30 kabla ya kumtoa mmoja wao, Januari 2025 Trump aliwatimua zaidi ya kumi usiku mmoja.

Mi ningeanza na vitu vidogo tu. Bajeti ya ukaguzi wa ndani itoke Hazina moja kwa moja, na uhamisho wa mkaguzi usifanyike bila Mkaguzi Mkuu wa Ndani kukubali kwa maandishi. Hayo mengine ya semina na makongamano ya Dodoma yanaweza kusubiri.

Ile saruji je? Mkaguzi aliandika ripoti yake kurasa nne, ikaenda juu, ikarudi masijala na mwandiko wa kalamu ya kijani pembeni, "Nimeona. Jaladani." Mwaka uliofuata vijana wa CAG wakaja wakaikuta hoja ileile, mifuko ileile 140 haionekani, tukapewa siku 21 za kujibu. Mkaguzi wetu alikuwa ameshahamishiwa mkoa mwingine. Nikatumwa mimi kuchapa majibu, nikayachapa kama nilivyoelekezwa: "Menejimenti imepokea ushauri wa mkaguzi na itaimarisha udhibiti wa ndani."